Dirisha la Saa Nane Usiku

Kengele inalia. Nafungua kidirisha,
upana wake kiganja na chenji.
Ni Antioco Melis wa mashamba ya chumvi,
koti juu ya nguo za kulalia,
buti zina weupe ambao maji hayautoi tena.
Karatasi ya daktari imekunjwa mara nne.
Mjukuu, anasema. Sikio. Tangu juzi hajalala,
na nyumba nzima haijalala naye.

Sefaleksini ya maji. Naisoma mara mbili.
Kabla sijagusa rafu namuuliza:
Mtoto amewahi kupewa penisilini?
Akavimba? Akatoka vipele? Akakosa pumzi?
Anapumua kwa nguvu. "Bonaria, nipe dawa nikalale."
Nangoja. Nina subira ya mtu
ambaye siku moja hakungoja.

Mwaka wangu wa kwanza, koti jeupe
bado lina mikunjo ya dukani,
nilimpa mwanamke vidonge nikamtakia jioni njema.
Saa moja baadaye mumewe alirudi akikimbia.
Ile midomo!
Alipona. Mimi bado.
Kuuliza si ujinga, huambiwa watoto;
mimi ilinibidi niambiwe na uso wa mtu.

Antioco anampigia binti yake.
Naisikia sauti ndogo, ya usingizi na hasira:
vipele, ndiyo, alipokuwa na miaka miwili,
vichache tumboni, vikaisha vyenyewe.
Basi nami nampigia daktari.
Naye ana usingizi, naye ana hasira,
kisha ananyamaza, anafikiri,
anauliza yale niliyoyauliza, na mengine mawili.
"Mpe," anasema. "Lakini wamtazame."

Nagonga chupa kiganjani unga ulegee,
natia maji mpaka alama, natikisa.
Harufu ya stroberi ambayo haijawahi kuona shamba.
Na asili yake, Antioco, ni hapa hapa Cagliari:
kuvu iliyochotwa baharini
pale mtaro wa maji machafu ulipomwaga uchafu wetu.
Miji mingine hujivunia mvinyo.

"Mpimie kwa hili bomba, mpaka mstari nilioutia wino.
Kijiko cha supu kiacheni kwenye supu.
Tikisa kila mara, unga hutulia chini kama kinyongo.
Friji, lakini si kwenye barafu.
Siku ya tatu atarukaruka kitandani, mtasema amepona,
na chupa itaanza kusahaulika nyuma ya maziwa.
Hapo ndipo mumpe. Mpaka siku ya saba, kama ilivyoandikwa.
Midomo ikivimba au pumzi ikibana
msije kwangu, iteni ambulansi."

Anaitikia kwa kichwa. Kisha, polepole,
anatoa mfukoni pakiti iliyochakaa.
Vidonge vya rangi mbili, nusu vimebaki.
"Vya Peppina. Nilidhani vingeongeza nguvu."

Peppina alizikwa Machi, kwa maradhi mengine kabisa.
Dawa hii aliiacha siku ya nne, akajiona mzima,
akaiweka kwa ajili ya "mara nyingine."
Muda wake umepita, na hata usingepita
ni ya mtu mzima, ya kifua chake, ya homa yake.
Nanyoosha mkono. Kiganja chake hakifunguki.

Ndipo naona kwenye kifuniko mwandiko wa kalamu ya risasi:
*asubuhi. jioni. usisahau, wewe mwanamke.*

Nachukua mkasi.
Nakata kifuniko taratibu, nikizunguka maneno.
Vidonge vinaanguka kwenye sanduku la dawa za kuharibiwa,
sauti kama mvua ya dakika moja.
Kipande cha karatasi nakipitisha dirishani,
pamoja na chupa na chenji.

Anakitia mfuko wa ndani, hasemi kitu.
Anavuka barabara chini ya taa ya manjano,
na kabla hajafika kona namwona
mkono wake wa kulia tayari unatikisa.